Geji Kwanza, Pampu Baadaye: Niliyowaambia Mafundi na Madereva Makambako

Wengi mmenipigia simu mnasema mlikuwa safarini, wengine mlikwama Tunduma kwenye foleni ya mpaka, kwa hiyo naiweka hapa hotuba yangu yote kama nilivyoongea Jumapili. Nimeacha salamu za wageni na mambo ya michango.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wa gereji, mambo? Madereva, poleni na safari.

Nimepewa saa moja na nina jambo moja tu la kuzungumza. Gari ya zamani inayotetemeka ikiwa sailensa. Yaani umewasha, hujakanyaga mafuta, imesimama tu hapo inaunguruma, lakini inaunguruma kama mtu mwenye homa, inapanda inashuka, inataka kuzima, kioo cha pembeni kinacheza mpaka huoni nyuma. Pikapu, Canter, Fuso, kirikuu, yoyote ile ya zamani. Mnaijua hiyo gari? Mnaijua. Nusu yenu mmekuja nayo leo.

Sasa naomba niwaulize kitu na mnijibu kweli. Nani hapa amewahi kubadilishiwa pampu ya mafuta na gari ikabaki vile vile? Nyoosheni mikono. Nyoosheni tu msione aibu, kosa sio lenu. Angalieni nyuma huko, angalieni mikono hiyo. Na katika nyie mlionyoosha, nani alimwona fundi anafunga geji ya presha kabla hajasema pampu imekufa? Mmoja. Wawili. Basi.

Hiyo ndiyo inayoniuma, ndugu zangu. Hiyo mikono yote ni pesa za watu. Ni ada za shule, ni mbolea. Pampu imenunuliwa kwa kuhisi. Fundi amesikiliza injini, amekunja uso, amesema pampu hiyo. Amejuaje? Hakupima. Geji ilisemaje? Hakuna geji. Leo nataka tutoke hapa tukiwa tumekubaliana kwamba pampu ya mafuta hainunuliwi mpaka geji iseme.

Naanza na Hilux moja ya petroli, injini ya 3RZ, lita 2.7, zile za mwishoni mwa miaka ya 90. Mwenyewe ni mama mmoja anatoa viazi Njombe anashusha huku chini. Alifika kwangu gari inatetemeka, ekzosi inatoa moshi mweusi, na petroli inakwisha kama inamwagwa barabarani. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani ya mfuko kuna spea zote za zamani alizotolewa kwa miezi miwili, maana ni mama makini alikuwa anadai arudishiwe za zamani. Plagi seti mbili. Waya za plagi. Sensa ya oksijeni. Na pampu ya mafuta. Nikamwambia mama yangu, nani alipima presha? Akaniuliza, presha ya nini, ya tairi?

Nikafungua boneti. Kwenye ile reli inayoshika nozo, vile vidude vinavyopulizia mafuta kwenye injini, kuna kidude cha chuma kama kopo dogo, ndiyo regyuleta ya presha, na kwenye regyuleta kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifodi, ile njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Huo mpira kazi yake ni vakyumu, injini inanyonya hewa kupitia hapo ili regyuleta ijue injini imekaa vipi. Ndani yake hapapiti petroli hata tone. Unatakiwa uwe mkavu kabisa. Nikauchomoa taratibu nikauinamisha juu ya kiganja changu hivi. Likadondoka tone. Nikasubiri. Likadondoka la pili. Nikanusa, petroli. Nikamwita yule mama nikamwekea kwenye kidole chake na yeye anuse. Akanusa, akaniangalia, akauangalia ule mfuko wake wa spea, hakusema neno.

Mmeelewa kilichotokea? Ndani ya regyuleta kuna ngozi ya mpira, dayaframu. Upande mmoja petroli, upande wa pili hewa. Ile ngozi ikichanika, injini inanyonya petroli mbichi moja kwa moja kupitia mpira wa vakyumu, haipiti kwenye nozo, kompyuta haina habari nayo. Na kwa nini inasumbua zaidi sailensa? Kwa sababu ukiwa hujakanyaga, throto, ule mlango wa hewa ya injini, imefungwa, na ndipo injini inanyonya kwa nguvu kuliko wakati wowote. Ukikanyaga, throto inafunguka, vakyumu inapungua, petroli ya wizi inapungua na hewa inaongezeka, gari inapata nafuu. Kwa hiyo yule mama alipofungiwa pampu mpya yenye nguvu, alifungiwa nini? Alifungiwa kitu cha kumwaga petroli zaidi. Regyuleta tulibadilisha asubuhi, mchana akaondoka.

Kupima vile hakukuhitaji hata geji. Kulihitaji vidole viwili na pua. Naomba madereva, sio mafundi tu, madereva, ukienda nyumbani leo kama gari yako ina regyuleta ya namna hiyo chomoa ule mpira uangalie. Ni dakika moja.

Haya. Kabla sijafika kwenye geji yenyewe, kuna swali ambalo fundi lazima aulize kabla hajashika spana, na dereva lazima awe na jibu. Inasumbua wapi? Inasumbua sailensa peke yake? Inasumbua kwenye mzigo peke yake? Au inasumbua kote? Msimwambie fundi "gari inamisi" mkaishia hapo. Inamisi wapi! Asubuhi ikiwa baridi au ikishapata moto? Tenki likiwa limejaa au likibaki robo? Hayo majibu yanafanya nusu ya kazi.

Kwa sababu gani? Gari inayotetemeka sailensa alafu ukikanyaga inatulia na inavuta vizuri hata mlimani, mara nyingi shida yake sio presha ndogo ya mafuta. Fikirini. Sailensa ndipo injini inapokula mafuta kidogo kuliko wakati wowote. Kama pampu inaweza kuilisha ikiwa na tani moja mlimani, itashindwaje kuilisha ikiwa imesimama? Hiyo mara nyingi ni hewa ya wizi. Gasketi ya manifodi imekauka, mpira wa vakyumu umepasuka kwa chini ambako huoni, mpira wa brekibusta unapitisha, au ile valvu ya sailensa imejaa masizi. Hewa inaingia mahali ambapo haijahesabiwa. Na sailensa ndipo inapouma, kwa sababu hewa ya halali ni kidogo. Kijiko cha chumvi ukikitia kwenye kikombe cha chai kila mtu atatema, ukikitia kwenye sufuria la msiba hakuna atakayejua. Sailensa ni kikombe. Kukanyaga ni sufuria.

Kupima hewa ya wizi, wengi wenu mnapuliza petroli au kabureta klina kwenye manifodi injini ikiwa inawaka moto. Naomba muache. Chukua maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia, pulizia kidogo kidogo kwenye maungio, kaa mbali na koili na waya za plagi. Mahali ambapo sauti ya injini inabadilika, umepata. Maji hayawaki.

Na ile inayotulia sailensa lakini ikipewa mzigo inakata? Hiyo ndiyo ya mafuta. Hiyo sasa ndiyo ya geji.

Tuje kwenye geji. Geji ya presha ya mafuta ni kitu kidogo, saa yake na mpira na vichwa vya kuungia, seti nzima bei yake haifiki pampu moja. Gereji yenye jeki tatu na haina geji moja, sijui inafanyaje kazi. Lakini kuwa nayo sio mwisho. Nimeona watu wanaifunga, wanasoma namba mara moja, "arobaini, iko poa", wanafungua. Hapana! Geji inasoma mara tatu. Narudia, mara tatu. Ikiwa imesimama sailensa, mara moja. Ikiwa na mzigo, mara ya pili. Ikiwa imezimwa, mara ya tatu. Ukisoma mara moja tu umesikiliza mashahidi wawili pungufu.

Kusoma kwa kwanza. Kwenye Toyota nyingi za petroli za miaka ya 90 zenye nozo, pampu ikifanya kazi na ule mpira wa vakyumu wa regyuleta umechomolewa na kuzibwa, geji ikae kati ya PSI 38 na 44, PSI ndicho kipimo cha presha. Ukirudisha mpira injini ikiwa sailensa inashuka kidogo, PSI kadhaa. Ikishuka ukirudisha na kupanda ukichomoa, regyuleta inasikia. Isipocheza kabisa, ama mpira umeziba ama regyuleta imekwama. Gari nyingine zina namba zao, msichukue 38 na 44 mkaibandika kwenye kila gari. Kuna injini za pikapu za Kimarekani, kwa mfano zile Chevrolet za V8 ya lita 5.7 ya kuanzia 1996, zinataka kama PSI 60 na zaidi, ikishuka kwenye hamsini na kitu tayari inagoma kuwaka. Fundi akizoea namba za Toyota akaiona hamsini atasema hii ina presha nyingi! Kumbe inakufa njaa. Tafuta namba ya gari iliyo mbele yako.

Hapo kuna kitu vijana wanakosea kila siku. Unafungua swichi bila kupiga stata, husikii pampu ikilia, unasema pampu imekufa. Gari nyingi ukifungua swichi pampu inalia sekunde mbili alafu inanyamaza. Lakini Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo, pampu inasubiri mpaka upige stata au injini iwake. Kwa hiyo kimya chake sio kifo. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi cha kupimia, kina mfuniko, ukifunua ndani ya mfuniko kuna herufi. Tafuta iliyoandikwa +B na iliyoandikwa FP, ziunganishe kwa kipande cha waya, fungua swichi. Pampu italia bila injini kuwaka na utapima kwa raha yako. Kipande cha waya tu. Ni pampu ngapi nzima zimetupwa kwa kukosa kipande cha waya?

Kusoma kwa pili, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo penye machozi ya madereva wengi mliopo humu.

Kulikuwa na pikapu ya petroli, inatoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu inapanda Iringa. Tambarare inakwenda kama mpya. Ikifika Kitonga, kona ya tatu ya nne, inaanza kukohoa, inakata, inazima. Dereva anaweka mawe nyuma ya tairi, anakaa kando ya barabara na malori yanampita, anasubiri dakika kumi. Anawasha. Inawaka! Inapanda tena kidogo, inakata tena. Kila fundi aliyeipima aliipima imesimama gereji, na imesimama gereji ilikuwa inasoma 41. Safi kabisa. Wakasema umeme. Wakabadilisha koili. Wakasema kompyuta. Kijana alikuwa amechoka mpaka anataka kuiuza.

Tulifanya hivi. Tulifunga geji na mpira mrefu, tukaupitisha nje ya boneti, saa yenyewe tukaibana kwa waipa ya kioo upande wa nje ili tuisome tukiwa ndani tunaendesha. Nje, nasisitiza, nje. Mpira wenye petroli ya presha hauingizwi ndani ya kabini kamwe. Tukapakia mzigo, tukatafuta mlima. Chini 41. Tunaanza kupanda 40. Gia ya pili, mguu wote chini, 36. 33. Dereva anaangalia saa mimi naangalia barabara ikabidi nimwambie kaka angalia barabara saa niachie mimi. 28. Ikafika 25 na injini ikaanza kukohoa. Hapo hapo, namba na kikohozi vimekuja pamoja. Hakuna koili hapo. Injini inakufa njaa.

Sasa je, ndio tukanunue pampu? Bado! Njaa ina sababu zake. Tukashusha tenki. Chini ya pampu kuna chujio, kisoksi kidogo cha nailoni, kile cha kwake kilikuwa kimevaa koti la matope na nyuzi nyuzi za kiroba, maana alikuwa akinunua petroli ya kwenye madumu vijijini. Na sasa mnaona kwa nini akisubiri dakika kumi ilikuwa inawaka? Pampu ikinyonya, uchafu unajibana kwenye kisoksi. Pampu ikizimwa, uchafu unadondoka chini ya tenki, kisoksi kinapumua. Ukiwasha unaanza upya kuukusanya. Gari inayozima mlimani ikapona kwa kupumzika, ukiisikia tu, fikiria chujio la kwenye tenki kabla ya kitu kingine. Tuliosha tenki, tukaweka kisoksi kipya na filta mpya. Pampu ile ile ya zamani. Akapanda Kitonga.

Na sababu nyingine ya njaa ni umeme wa pampu. Hii nimeikuta nyingi hasa kwenye pikapu zilizokaa pwani, Tanga, Bagamoyo, huko kwenye chumvi. Fundi anachukua taa ya kupimia, anagusa waya wa pampu, taa inawaka, anasema moto upo. Taa inakula umeme kidogo sana ndugu zangu, itawaka hata kwa waya uliobaki unyuzi mmoja. Pampu inakula zaidi. Chukua mita, pima volti kwenye plagi ya pampu pampu ikiwa INAFANYA KAZI. Nimewahi kukuta betri ina 12.6 na pampu inapata 9.8. Karibu volti tatu zimepotelea wapi? Kwenye waya wa ethi, ule uliofungwa kwenye chasi kwa skrubu moja, chini ya skrubu kulikuwa na unga wa kijani na kutu. Nilikwangua kwa msasa, nikakaza, nikapaka grisi. Geji ikapanda yenyewe mbele ya macho yetu. Msasa wa shilingi mia chache! Na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa alete laki mbili na nusu.

Kusoma kwa tatu, ukishazima. Hii wengi hawaijui kabisa na ndiyo inaeleza gari inayosumbua kuwaka asubuhi alafu ikiwaka inatetemeka dakika moja na moshi kidogo alafu inatulia. Zima injini, usifungue geji. Angalia saa yako ya mkononi. Kwa Toyota hizi, baada ya dakika tano geji iwe bado ina PSI 21 au zaidi. Ikishika, mafuta yamebaki kwenye reli yanakusubiri. Ikidondoka haraka, yanakwenda mahali, na kazi yako ni kuuliza yanakwenda wapi, kwa sababu ni sehemu tatu tu. Yanarudi kwenye tenki kupitia valvu ndogo iliyo ndani ya pampu. Au yanarudi kupitia regyuleta. Au yanadondokea ndani ya injini kupitia nozo inayovuja.

Unajuaje ni ipi? Jaza presha tena, zima, alafu ubane mpira wa kurudisha mafuta, kwa kibanio chenye midomo laini sio koleo la meno utaukata. Ikishika sasa, regyuleta ndiyo mwizi. Isiposhika, jaza tena, bana mpira unaotoka kwenye pampu. Ikishika, ni valvu ya pampu. Umebana pande zote mbili na bado inadondoka? Nozo. Toa plagi uziangalie, ile yenye masizi meusi yaliyolowa, nozo yake ndiyo hiyo. Mmeona? Hakuna uganga hapo, kubana na kusoma.

Wenye dizeli mnaniangalia mnasema huyu anaongelea petroli tu. Nakuja kwenu.

Dizeli ya zamani, Canter yenye injini ya 4D33, Land Cruiser ya 1HZ, Hilux ya 3L, adui wa sailensa namba moja ni upepo. Upepo umeingia kwenye mafuta. Na upepo una tabia moja ambayo nikiielewesha vizuri leo nitarudi nyumbani nimeridhika. Upepo unaingia mahali ambapo dizeli haitoki. Nasema tena. Upepo unaingia mahali ambapo dizeli haitoki! Kutoka kwenye tenki mpaka kwenye pampu ya kuvutia, mafuta hayasukumwi, yananyonywa. Palipo na ufa mdogo upande wa kunyonya, dizeli haivuji nje, hewa ndiyo inavutwa ndani. Kwa hiyo fundi anazunguka gari na tochi anatafuta palipolowa, haoni, anasema hakuna kinachovuja, basi ni injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye nozo, toa laki nane peleka kwa mtaalamu.

Kulikuwa na mzee mmoja na Canter, kila asubuhi kabla ya swala anapiga pampu ya mkono mara arobaini hamsini ndio iwake, na ikiwaka inatetemeka mpaka ipate moto. Mwaka mzima. Alishaona ndiyo maisha. Nikakata mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule mweupe, nikaunga kati ya filta na injekta pampu, nikawasha. Mzee njoo uone. Mapovu. Mapovu madogo madogo yanapita kama kwenye soda. Nikahamisha ule mpira nyuma, kabla ya filta. Mapovu. Nikahamisha nyuma zaidi, karibu na tenki. Safi, dizeli tupu. Basi upepo unaingilia kati ya hapa na hapa. Tukafungua ungio moja, ndani kuna washa ya shaba, ilikuwa imefunguliwa na kukazwa miaka na miaka mpaka imekuwa ngumu na ina mfereji unaouona kwa kucha. Nikaipitisha ukucha hivi ikakwaruza. Washa mpya. Kesho yake asubuhi mzee aliniletea chai, aliwasha kwa mara moja.

Washa za shaba msizirudie, vijana. Na kama huna mpya, ichome moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, italainika utaweza kuitumia. Ila mpya ni bora.

Upepo ukishatoka na bado inatetemeka, legeza nati ya bomba la nozo moja moja injini ikiwa sailensa. Ukilegeza ya kwanza injini ikazidi kulemaa, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kaza. Ya pili vivyo hivyo. Ukifika unayolegeza na injini haijali, haijabadilika chochote, umempata mgonjwa. Sasa hapo ni nozo, au tapeti, au kompresheni, lakini angalau ni silinda moja unaijua kwa jina.

LAKINI. Nisikilizeni hapa hata kama umesinzia amka. Hiyo ya kulegeza nati ni ya injini za zamani zenye injekta pampu tu. Gari za dizeli za kisasa zenye komonreli, yaani reli moja ya presha kubwa inayolisha nozo zote, USIGUSE. Humo presha ni zaidi ya baa elfu moja, baa ni kipimo kingine cha presha, kikubwa kuliko PSI, mafuta yanakata ngozi na kuingia mwilini, unaona kidonda kidogo kama cha sindano na mkono unakuja kukatwa. Na hata hizi za zamani, nozo inafunguka kwa zaidi ya baa 100, usiweke kiganja mbele ya nozo kuona inavyopulizia. Ikitokea imekupiga, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri iume.

Na petroli. Hili kovu mnaloliona mkononi kwangu ni la gereji niliyokuwa najifunzia. Tulifungua bomba la reli bila kutoa presha, petroli ikaruka ikaangukia ekzosi ya moto. Tulikuwa watatu. Mwenzangu mmoja alikaa hospitali wiki sita. Kutoa presha ilikuwa ni kuchomoa fyuzi ya pampu, kuwasha injini iungurume mpaka ijizimie yenyewe, alafu unachomoa betri, unazungushia kitambaa kwenye nati unafungua taratibu. Dakika tatu. Hatukuzitumia. Tafadhali, ndoo ya mchanga iwe karibu, simu weka mbali, na anayevuta sigara atoke nje ya uzio, hata kama ndiye mwenye gari, hata kama ni mkubwa wako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona kuna Hilux pale nje chini ya mti, mwenyewe amesema asubuhi haiwaki bila kusumbua na ameshaambiwa anunue pampu. Kaka naomba funguo. Vijana wawili waje na geji, tutoke wote.

(Waliokuwepo wanajua, nawaandikia msiokuwepo. Tulitoa presha, tukafunga geji, tukaunganisha +B na FP, ikasoma 42. Tukatoa kile kipande cha waya, kijana mmoja akashika simu kuhesabu dakika. Dakika ya kwanza 30, ya pili 19, ya tano 6. Tukajaza tena tukabana mpira wa kurudisha. Dakika ya tano ilikuwa 37. Regyuleta. Pampu aliyokuwa ameshaiagiza Dar, alimpigia muuzaji pale pale akamwambia asiipakie kwenye basi.)